Kuwinda kwa Macho Dar es Salaam: Mwongozo kwa Watu wa Haraka

Mkazi wa Dar es Salaam akitaka kumwona mnyama huanza kuchanga fedha. Watu wa ofisi moja wanakodi Coaster, wanaondoka saa kumi alfajiri, wanakula mayai ya kuchemsha Chalinze, na kwenye saa nne au saa tano wako Mikumi wanampiga picha pundamilia aliyewageuzia mgongo. Mikumi ni mbuga nzuri na kila anayeweza aende. Lakini watu haohao huvuka Daraja la Salenda asubuhi na jioni, siku tano za juma, na chini yao, kwenye tope la mdomo wa Mto Msimbazi, kuna ndege waliotoka kuzaliana Siberia. Foleni imesimama, dirisha liko wazi, ndege anaonekana kwa macho makavu, na abiria ameinamia simu anatazama video ya simba. Kwa ajili yake, na kwa wenzake wote wa haraka, nimeandika mwongozo huu. Unatania kidogo, unagomba zaidi, na kila agizo lililomo linatekelezeka.

Tuanzie nyumbani, maana huko hakuna nauli. Toka nje utazame paa la jirani au ukingo wa pipa la taka. Yule ndege mweusi mwenye shingo ya kijivu, anayekukagua kwa jicho moja kana kwamba kodi ya nyumba unamlipa yeye, ni kunguru wa Bara Hindi. Aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili ale taka za mji. Akala taka. Kisha akala mayai ya ndege wengine, makinda yao, vifaranga vya kuku na dagaa walioanikwa, halafu akavuka bahari kuja Bara. Kunguru wetu wa asili, mwenye kifua cheupe na kola nyeupe shingoni, amesukumwa nje ya jiji. Ukimwona mmoja katikati ya mji, simama umtazame vizuri. Wahenga walisema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Huyu wa Bara Hindi hana woga, na ubawa wake uko salama kabisa. Zimefanyika kampeni za kumpunguza kwa sumu na mitego, na kweli alipungua, lakini hawezi kwisha maadamu majalala yetu yako wazi.

Zoezi la kwanza basi ni hili: kaa nusu saa kibarazani bila simu, umchunguze kunguru. Utaona anajua gari la taka linapita lini, mama lishe gani anamwaga makombo na mtoto yupi hashiki andazi lake vizuri. Halafu hesabu ndege wengine waliothubutu kutua karibu yake. Shore atakuja, kwa kuwa shore ana kelele na haonewi kirahisi. Chozi, yule mdogo anayenyonya maua kwa mdomo mwembamba uliopinda, atakuja ikiwa una ua lenye maua na si ukuta mtupu wenye vipande vya chupa juu yake. Ukimaliza kuhesabu, funga pipa lako. Hilo ndilo agizo linalovunjwa kuliko yote, na huvunjwa hata na watu wanaolalamika kwamba ndege wazuri wametoweka mjini.

Sasa tabia. Spika iache nyumbani. Ipo imani jijini kwamba ufukwe hauna thamani mpaka upigiwe muziki, na kila kundi lina muziki wake, na kila muziki unashindana na wa jirani. Ndege wana masikio. Mwenye spika ataona mchanga, maji na wenye spika wenzake, kisha atarudi nyumbani kusema Dar hakuna cha kutazama. Jezi nayo ipumzike: ya Simba na ya Yanga zote zinawaka kutoka mbali, na kwa asubuhi moja mashabiki wa pande zote mbili wanaweza kukubaliana kuvaa rangi ya udongo au ya majani. Nendeni wawili au watatu, si kumi na wawili. Na yule rafiki asiyeweza kukaa dakika kumi bila kusimulia kiwanja chake cha Bunju, mpendeni, mtembeleeni, lakini safari hii mwacheni alale.

Darubini ni msaada mkubwa, na moja inatosha watu watatu wasio wachoyo. Ila uangalie unakoielekeza. Ikulu, kambi za jeshi na bandari si mahali pa kuchezea lenzi. Askari hawezi kujua kwamba unamtafuta ndege aitwaye mnandi, na maelezo yako juu ya mnandi hayatamfurahisha. Mali zako nazo zichunge: vibaka wa ufukweni hutazama kwa makini kuliko watazamaji wote wa ndege, hivyo usiende peke yako gizani.

Nafika sasa penye uhondo wenyewe, yaani maji kupwa na maji kujaa. Watu wa Dar tunaishi kando ya bahari inayopanda na kushuka zaidi ya mita 3 wakati wa bamvua, na wengi wetu tunaijua ratiba ya Ligi Kuu kuliko ratiba ya maji. Mtu anafika Msasani saa kumi jioni siku ya mwezi mpevu, anakuta maji yamejaa hadi ukutani, anapiga picha moja na kuondoka. Alikuja saa ya kuogelea. Saa ya kutazama ilikuwa imepita.

Ratiba haihitaji mtandao. Inahitaji kutazama angani. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, ndipo bamvua linapokuja: maji hupwa sana na kujaa sana. Kwenye pwani yetu, siku hizo maji hupwa kabisa karibu saa nne, asubuhi na usiku, na hujaa karibu saa kumi. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50, hivyo baada ya juma moja mambo yamegeuka, na maji mafu yanakuja, ambayo hayapwi sana wala hayajai sana. Asubuhi nzuri ya kutazama ndege ni siku moja au mbili kabla ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo. Maji huwa yamepwa kwenye saa mbili au saa tatu, jua halijawa kali, na yanapoanza kujaa huwasukuma ndege taratibu kutoka mbali kwenye tope hadi karibu na miguu yako. Kazi yako ni kusimama tu. Ndege wataletwa na bahari.

Kama hesabu hiyo imekushinda, waulize wenye nayo. Nenda Msasani au Kunduchi wanakoegesha ngalawa, mtafute mzee anayeshona nyavu, na uanze kwa adabu. "Shikamoo, mzee." Subiri marahaba. Uliza habari za bahari kabla ya kuuliza shida yako. Ndipo useme: "Samahani mzee wangu, bamvua linaanza lini?" Atakujibu bila kutazama kalenda, na huenda akakuongezea upepo na mahali kaa wanapotoka. Kijana anayeshuka kwenye gari na kupaza sauti, "Eti maji yanatoka saa ngapi hapa?" atajibiwa pia, ila atajibiwa kwa kifupi, na haki yake.

Simama sasa kwenye ukingo wa maji karibu na Salenda, au tembea njia ya waenda kwa miguu ya Daraja la Tanzanite, ambalo limepita juu ya bahari tangu mwaka 2022, utazame chini. Kati ya mwezi wa tisa na wa nne wageni wapo. Yule mkubwa wa rangi ya kahawia mwenye mdomo mrefu uliopinda kwenda chini ni sululu. Anauzamisha mdomo kwenye shimo na kumtoa kaa. Vitwitwi ni wadogo, wanakimbia kwa makundi ukingoni mwa wimbi, wanasimama, wanadona, wanakimbia tena, na baadhi yao huzaliana kaskazini ya mbali kabisa ya Urusi. Mwenye bahati kwenye pwani yetu huona pia ndege mmoja mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene mweusi, hodari wa kuvunja kaa. Huyu hutaga yai lake ndani ya shimo alilolichimba mchangani kwenye fukwe za Arabuni, Oman ikiwemo, kisha huja kwetu msimu ukiisha. Wafanyabiashara wa majahazi walisafiri njia hiyohiyo kwa karne nyingi wakiongozwa na pepo za kaskazi na kusi. Ndege huyu angali anasafiri, na sisi tunampita na vioo vya gari vimefungwa.

Wenyeji wapo mwaka mzima. Kulastara anasimama bila kutikisika, na ukimtazama dakika kumi utajifunza subira ambayo foleni ya Barabara ya Ali Hassan Mwinyi haijakufundisha. Yangeyange ni weupe tupu. Mdiria anakaa kwenye tawi la mkoko. Shusha macho zaidi: tope lote linatembea. Ni vikaa vidogo, na kila dume lina gando moja kubwa kupita kiasi, ambalo hulipunga juu na chini kuwaita majike na kuwatisha madume wenzake. Katikati yao kuna visamaki vinavyotambaa juu ya tope kwa mapezi na kuruka ukivisogelea. Samaki anayetembea nchi kavu, mita chache kutoka barabara kuu ya jiji! Na bado mtu anasema Jumamosi amekosa pa kumpeleka mtoto.

Mikoko yenyewe jifunze angalau aina mbili kabla hujaondoka. Mkoko wenye mizizi inayoshuka kutoka kwenye shina na kujikita topeni kwa matao ni mmoja. Mchu, unaochomoza mizizi midogo kutoka chini kwenda juu ili ipumue hewa, ni wa pili. Ukiziweza hizo, endelea na mkandaa na mlilana. Mikoko yote ya Tanzania Bara ni msitu wa hifadhi, na kuikata bila kibali ni kosa. Watu wengi hawajui hilo, wakiwemo wengine wenye vyeo na viwanja. Chupa za plastiki zilizonasa kwenye mizizi hiyo zimeshushwa na Msimbazi kutoka mitaani kwetu, na sikusudii kulitania hilo kwa neno hata moja.

Usiku nao una wanyama wake. Masaki, Oysterbay, Mlimani na popote palipobaki miti mikubwa na minazi, komba wanaamka jua linapozama. Ukisikia kilio kama cha mtoto mchanga juu ya mwembe saa tatu usiku, usimwite mganga, chukua tochi. Funika kioo chake kwa karatasi nyekundu ili usimuumize macho, mulika kando yake, na utaona macho mawili yanang'aa kisha yanahamia mti wa pili kwa mruko mmoja. Wagema wanamjua zamani, kwa sababu hushuka kwenye kibuyu chao na kunywa tembo la mnazi mpaka akalewa. Ndiyo maana mlevi hufananishwa naye. Tumbili wa chuo kikuu pale Mlimani hawana haja ya kutafutwa. Watakutafuta wao, hasa ukiwa na ndizi. Usiwape. Tumbili aliyezoea kulishwa na mwanafunzi mmoja humnyang'anya wa pili na kumng'ata wa tatu, na mwisho wa kesi hiyo anayeadhibiwa ni tumbili.

Anayetaka msitu halisi aende Pugu. Iko takriban kilomita 25 kutoka katikati ya jiji, njia ya Kisarawe, na daladala za Gongo la Mboto zinakusogeza karibu. Wengi wanaijua Pugu kwa shule ambako Mwalimu Nyerere alifundisha hadi alipojiuzulu mwaka 1955, au kwa mnada wa ng'ombe. Nyuma ya hayo kuna Hifadhi ya Msitu wa Asili wa Pugu na Kazimzumbwi, kipande kilichosalia cha misitu ya pwani ambayo ni ya kale mno. Lipa kiingilio kwa watu wa TFS, wakala wa misitu wa serikali, mchukue mwongozaji, kisha fanya jambo gumu kuliko yote kwa mtu wa Dar: tembea polepole. Ukitembea kwa mwendo wa Kariakoo utaona njia na kisogo cha mwenzako.

Ukitembea polepole unaweza kumsikia sange kabla hujamwona. Anachakura majani makavu kwa pua ndefu inayojikunja huku na huku, anatafuta wadudu, na akishtuka anapiga mbio kwa miguu myembamba hadi unabaki kutazama majani yanayotikisika. Watu humdhania panya. Wanasayansi wamegundua kwamba ukoo wake uko karibu zaidi na tembo kuliko panya, kwa hiyo mwenye kuona sange Pugu amemwona jamaa wa tembo kwa nauli ya daladala. Sange huishi dume na jike katika eneo moja walilojitwalia, na hulala kwenye viota vya majani walivyovijenga chini.

Msitu huohuo una komba wa Rondo, mmoja wa komba wadogo kuliko wote duniani, mwenye uzito wa gramu 60 hivi na mkia mwekundu wa manyoya yaliyosimama kama brashi ya kusafishia chupa. Haishi popote nje ya Tanzania. Anapatikana kwenye misitu michache ya pwani tu, na yuko hatarini kutoweka. Kinachommaliza kinajulikana: misitu hiyo inakatwa, na sehemu kubwa ya miti hugeuka mkaa unaoingia Dar kwa pikipiki usiku. Hapa mtazamaji wa wanyama anahusika moja kwa moja. Ukila mishikaki Coco Beach kwa mkaa usiojulikana ulikotoka, umeshika upande mmoja wa panga. Mwenye uwezo wa gesi apikie gesi. Mwenye kununua mkaa adai wenye kibali. Na kwenye mapango ya zamani ya kaolini, ambamo popo hulala kwa wingi, ingia kimya na mwongozaji wako, bila kupiga kelele ili usikie mwangwi. Mwangwi utausikia hata chini ya ngazi za ofisini.

Visiwani nitapita haraka, maana huko watu wanakwenda tayari. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 1975. Boti za Bongoyo huondokea Msasani, za Mbudya huondokea Kunduchi. Vaa miwani ya kuogelea uzamishe kichwa dakika chache kabla ya kuagiza samaki wa kukaanga. Ni haki kumwona akiwa hai kwanza. Usisimame juu ya matumbawe. Yamekwisha kupigwa baruti na wavuvi haramu kwa miaka mingi, hayahitaji pia visigino vyako. Mbudya kuna kaa wa nazi, anayefikia kilo 4 na kuwa na nguvu ya kuvunja nazi. Hutembea usiku, na anayelala kwenye hema kisiwani ndiye mwenye nafasi kubwa zaidi ya kumwona. Atazamwe tu. Kaa huyu hukua kwa miaka mingi sana, na mlo wa dakika ishirini hauwezi kulipa hiyo miaka.

Kigamboni, kwenye fukwe za kusini, kasa hupanda usiku kutaga, na mayai huanguliwa baada ya miezi miwili hivi. Shirika la Sea Sense limefanya kazi na wanavijiji kulinda viota hivyo. Ukialikwa kushuhudia makinda yakishuka baharini, zima taa zote, ya simu ikiwa ya kwanza. Kinda la kasa hufuata mwanga kwa kuwa usiku, kwa asili yake, mwanga ulikuwa upande wa bahari. Taa ya hoteli hulipeleka barabarani likafa. Picha yako moja haina thamani hiyo.

Agizo la mwisho ni daftari. Andika tarehe, mahali, hali ya maji, ulichokiona na idadi yake, hata kama jina hulijui. Chora mdomo na miguu, jina utalipata baadaye. Wenye simu wanaweza kuingiza taarifa hizo bure kwenye programu ya eBird, zikasomwa na watafiti. Nasisitiza jambo hili kwa sababu Bonde la Msimbazi lina mradi mkubwa wa kuzuia mafuriko na kugeuza sehemu yake kuwa bustani ya jiji, na pwani yote kutoka Kigamboni hadi Bunju inajengwa. Kila mahali panapofukiwa, huwa kuna mtu anayesema hapakuwa na kitu pale. Sululu hawezi kumjibu. Sange hawezi kumjibu. Mkazi mwenye daftari la miaka mitatu, lenye tarehe na idadi, anaweza, na afisa mwenye nia njema hupata cha kushika mkononi.

Tazama mwezi usiku wa leo, hesabu siku zilizobaki kabla ya bamvua, na umwambie mtoto mmoja kwamba mnakwenda pamoja. Kisha siku mtaa utakapoita mkutano kuhusu bonde, ufukwe au msitu ulio jirani yako, nenda na daftari hilo, ukae mbele, unyooshe mkono uyasome uliyoyaona.